Rejista Ilipokata Kauli

Rejista ilikata kauli Ijumaa, saa nne na dakika kumi asubuhi, na safari hii haikuamka.

"Kukata kauli" ndivyo tulivyozoea kusema pale ofisini. Mitambo mingine ikitaka kufa hulalamika kwanza. Itakuambia diski imejaa, itakuambia umeme umeyumba. Yetu ilikuwa ikifika sekunde ya nne ya kuwashwa inakufa kimya, na daftari lake la makosa linabaki jeupe pe. Dawa ya ugonjwa huo tulikuwa nayo miaka tisa, na aliyeitengeneza ni mimi, Kabula Ngassa, nilipokuwa na miezi minne kazini na kichwa kimenivimba kwa sifa. Ijumaa hiyo dawa ilikataa.

Huko nje, mji mzima wa Unyanyembe Mpya ulikuwa umekaa vizingitini. Kila baada ya miezi mitatu tunaizima rejista kwa matengenezo, na ikizimwa, milango yote ya mji hubaki wazi, maana haina wa kumuuliza nani ni nani. Watu huburuta viti hadi mlangoni, wakalinda vitu vyao kwa macho huku wakipitishiana chai na michembe ya viazi vitamu. Wasiopenda wageni hujifungia kwa komeo la chuma la upande wa ndani, lililobakizwa ili moto ukitokea mlango ufunguliwe kwa mkono, ambalo halimuulizi mtu wala mtambo. Tunaiita Saa ya Milango Wazi, ingawa kwa kawaida ni dakika arobaini tu. Siku hiyo ilichukua saa tano. Kufikia saa tisa majirani walikuwa wamechoka kukodoleana macho, na hospitali ilikuwa inaandikisha wagonjwa kwa kalamu.

"Kabula," aliniita Bi Lugendo, mhandisi mkuu wetu. Ni mama wa miaka sitini ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, kwa sababu hajawahi kuhitaji. "Ile dawa yako ya kuanza kimya iko wapi?"

"Toleo jipya limeikataa, Mkuu. Halikubali tena kuwashwa kimya."

"Basi rudisha la zamani kwa leo. Ijumaa ijayo tunawasha hili jipya tena, na nisilione linakufa."

Nilirudisha la zamani. Kabla kengele ya kufunga milango haijalia, Bi Nyamizi alikuwa tayari dirishani pangu. Alikuwa akija kila Saa ya Milango Wazi, kwa miguu kutoka Kambi ya Mbugani, kilomita kumi na moja, maana ni saa hiyo tu ambayo geti la mji halimuulizi.

"Mwanangu, bado hujaniona?"

Nilitafuta jina lake kama kawaida. Halikuwapo, kama kawaida.

"Bado, bibi. Hauko kwenye rejista."

"Tazama vizuri. Mimi sikujifuta. Nijifute niende wapi na magoti haya?"

"Wahi geti, bibi. Kengele inalia."

Nilimjibu hivyo hivyo kila mara, na kila mara nililala usingizi mzito.

*

Naomba nieleze kosa lenyewe, maana baadaye nimelieleza mbele ya kamati mara tatu, na mara zote tatu walitikisa vichwa kama watu walioelewa, wakaniuliza swali la mwanzo.

Rejista ikiwashwa hufanya mambo manne kwa kufuatana. Kwanza husoma maagizo yake. Pili hupitia kurasa zote, ukurasa mmoja kwa kila mkazi, ihakikishe zinasomeka. Tatu hufungua daftari la makosa. Nne hukabidhiwa milango. Sasa chukulia kwamba kwenye hatua ya pili imekuta ukurasa mbovu. Inataka kuandika kosa, kwa sababu iliumbwa hivyo. Lakini daftari hufunguliwa kwenye hatua ya tatu. Inaandika mahali ambapo bado hapapo, na hapo hapo inaanguka. Ukurasa mbovu hauiui. Kinachoiua ni kutaka kusema.

Dawa yangu ya miaka tisa ilikuwa amri moja: ukikuta ubovu kabla daftari halijafunguliwa, ruka, usiseme. Nilidhani zitakuwa kurasa za majaribio, takataka za mafundi. Kanuni ilitaka kila amri ya kuruka iwe na jina la aliyeidhinisha, nikatia langu kwa mbwembwe zote. Bi Lugendo alinipigia makofi mbele ya ofisi nzima. Nililetewa hadi keki.

Hakuna aliyeuliza ukurasa uliorukwa una nani ndani yake. Mtu asiye na ukurasa, mlango haumfungulii, bomba halimtolei maji, zahanati haimwoni. Akienda kulalamika, anaulizwa: kuna kosa lolote kwenye daftari? Hakuna, daftari jeupe. Basi rejista haikukosea, na kama haikukosea, amejifuta mwenyewe. Miaka ile kujifuta kulikuwa kumeshamiri. Watu walikuwa wakiingiza mkono kwenye rejista ikiwa imezimwa, wakaondoa kurasa zao ili wakimbie wazazi wagonjwa, kesi, ndoa. Adhabu yake ilikuwa Mbugani.

Jumatatu hadi Jumatano niliandika mistari arobaini. Kazi yake ni ndogo tu: rejista ikitaka kusema kabla daftari halijafunguliwa, maneno yake yawekwe pembeni, na daftari likifunguliwa yaandikwe yote, kwa mpangilio yalivyokuja, na mwenye ukurasa atambuliwe kwa kile kinachosomeka. Jumatano baada ya chakula cha mchana nilichukua nakala ya rejista, nikaiwasha kwenye mtambo wa majaribio.

Sekunde ya nne ikapita. Haikufa. Hatua ya tatu ikafika, daftari likafunguka, na miaka tisa ikaanza kumwagika kwenye kioo changu.

Mistari mia mbili na kumi na miwili. Wa tisa ulikuwa wa Nyamizi Kalunde. Ule wa mia na sitini na saba niliusoma mara nne:

Mrisho Kapaya. Ukurasa umeandikwa nusu. Mlango wa mwisho: Jengo la Rejista, geti la pili, wakati wa kuzima. Umerukwa. Idhini: K. Ngassa.

Mrisho ni mume wangu.

*

Miaka mitatu iliyopita, asubuhi ya Saa ya Milango Wazi, nilisahau miwani nyumbani. Nikampigia simu Mrisho aniletee. Alikuwa mpima asali kwenye ushirika wa warina asali, mtu wa kuonja kwa ncha ya kijiko na kukuambia humu kuna sukari, peleka kwa watoto wakachezee. Hakupenda kuja ofisini kwangu. Alikuja hivyo hivyo, akikimbia, akapita geti la pili wakati kengele ya kuzima inalia. Ukurasa wake ulikuwa unaandikwa kwamba amepita. Ukakatikia katikati. Akanivalisha miwani mwenyewe, akaniambia, "Haya, sasa utawaona," akaenda zake huku milango ikiwa wazi.

Jioni nilitangulia kufika nyumbani. Nilikuwa jikoni niliposikia mlango ukisema, "Sikutambui. Tafadhali ondoka mlangoni."

"Kabula!" aliita Mrisho kutoka nje, anacheka. "Mwambie mlango wako aache utani."

Sikucheka. Nilikwenda kwenye kioo cha kazini nilichokuwa nacho sebuleni, nikatafuta jina lake, sikulikuta. Nikafungua daftari la makosa. Jeupe. Nililisoma kwa miwani ile ile aliyoniletea asubuhi. Na nikakumbuka kwamba wiki mbili kabla tuligombana, akasema anatamani walau mwezi mmoja asijulikane na mtu yeyote. Nikakumbuka pia alikuja jengoni saa ile ile wanayoitumia wanaojifuta. Mambo yakajipanga yenyewe kichwani, vizuri kabisa, nami siku zote nimependa mambo yaliyojipanga.

Nilirudi mlangoni, nikasimama upande wangu.

"Kwa nini umefanya hivi, Mrisho?"

"Nimefanya nini?"

"Si ungeniambia tu kwamba umenichoka?"

Kicheko chake kilikoma. Aligonga, akaita, akaeleza habari ya miwani, akaapa kwa jina la mama yake aliyekufa. Alikaa pale hadi walinzi wakaja. Walipouliza mwenye nyumba anasemaje, nilisema mbele yao, kwa sauti ya kitaalamu kabisa, kwamba rejista haina kosa lolote. Sikwenda Mbugani hata siku moja kumwona. Nilimchukia miaka mitatu, na chuki ile ilinisaidia sana. Iliniamsha asubuhi, ikanipandisha cheo.

Jumatano ile, mbele ya mstari wa mia na sitini na saba, ilinitoka yote kwa mara moja, na nilipotafuta kitu kingine cha kunishikilia sikukipata. Nilijifungia chooni nikalia mpaka nikatapika.

*

Alhamisi asubuhi Bi Lugendo aliniita ofisini kwake. Alikuwa ameshayaona majibu ya majaribio. Alisogeza pembeni bakuli lake la viazi vya matobolwa, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Kaa, mdogo wangu. Umeandika mistari mingapi?"

"Arobaini, Mkuu."

"Kosa hili linataka mstari mmoja. Kama daftari halijafunguliwa, usiandike. Basi. Mtambo hautakufa tena."

"Na makosa yatakwenda wapi?"

"Yatakwenda kule yalikokuwa yanakwenda."

"Mkuu, ni watu mia mbili na kumi na wawili."

"Katika laki tatu." Hakulisema kwa ukatili. Alilisema kama mtu anayetaja kipimo cha kiatu. "Unajua sheria. Daftari la makosa hujitokeza lenyewe kwenye ubao wa ukumbini, kila mtu alisome. Miaka tisa ni ubao mtupu, mfagiaji anaufuta vumbi. Wewe Ijumaa uujaze majina. Jumamosi, mwizi akikataliwa na mlango wa watu, atasema yeye si mwizi, ni rejista. Mgonjwa akipewa damu, ataogopa kama ni ya kundi lake. Nani ataamini mlango tena? Na hao mia mbili, umeona idhini ni ya nani?"

"Nimeona."

"Si mimi. Si serikali. K. Ngassa, mara mia mbili na kumi na mbili."

Aliniinamia, na sauti yake ikawa laini zaidi, sauti ya dada mkubwa.

"Mrudishe mumeo. Leo hii. Nusu ya ukurasa ipo, na nusu nyingine nani anaijua kuliko wewe? Ijaze kwa mkono, nitaitia saini. Kesho kutwa Mrisho amelala kitandani kwake. Halafu Ijumaa weka ule mstari mmoja, tuendelee na maisha."

Sitasema uongo: nilifurahi. Nilitoka ofisini kwake nikitembea kwa haraka kuliko nilivyoingia. Nilifungua fomu ya kurejesha ukurasa, nikaanza kujaza mambo ya Mrisho kama ninayemtengea chakula. Tarehe ya kuzaliwa. Kundi la damu. Kovu la nyuki chini ya jicho la kushoto. Nilikuwa nakumbuka yote, hata namba ya viatu ambayo fomu haikuiuliza.

Kisha nikafika kwenye kipengele cha kumi na nne, sababu ya kutokuwapo. Fomu haikuruhusu kukiacha wazi. Majibu yalikuwa matatu ya kuchagua: alihama, alidhaniwa amekufa, alijifuta na amesamehewa.

Nilitafuta la nne. Niliiandika fomu ile mimi mwenyewe, mwaka wa pili wa kazi, na bado nikatafuta. Hapakuwa na mahali pa kusema kwamba sisi ndio tuliomruka. Mrisho hakuhama, na kumbukumbu za Mbugani zilionyesha yu hai. Ili nimrudishe peke yake ilinibidi niandike, kwa mkono wangu, kwamba alijifuta, na kwamba nimemsamehe.

Kidole changu kilikaa juu ya jibu la tatu kwa muda mrefu. Nawaza nyumba, nawaza kitanda. Nawaza pia Ijumaa ijayo na zijazo, na Bi Nyamizi dirishani akiniuliza kama bado sijamwona, nami nikijua yuko mstari wa tisa. Nilijiambia nitazoea, na kilichonitisha ni kwamba nilijua ni kweli. Nimeshazoea makubwa kuliko hayo.

Niliifunga fomu bila kuihifadhi.

*

Ijumaa saa nne kengele ililia, milango ikafunguka, mji ukakaa vizingitini. Bi Lugendo alisimama nyuma ya kiti changu.

"Umeweka?"

"Nimeweka, Mkuu."

Hakuuliza nimeweka upi. Nadhani hakuweza kufikiria kwamba mtu atakataa zawadi ile. Niliwasha. Sekunde ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikapita, na nikamsikia akishusha pumzi. Halafu daftari likafunguka, na rejista, kwa mara ya kwanza tangu izaliwe, ikasema kila ilichokuwa inataka kusema.

Tulisikia kelele za ukumbini kabla hatujainua macho. Kwanza sauti moja, kisha nyingi. Bi Lugendo alitazama kioo, akanitazama mimi. Hakupaza sauti hata siku hiyo. Alinyoosha mkono, nikavua kadi yangu ya kazi nikampa, na akaiweka mfukoni kwa uangalifu.

"Umetuua," alisema.

Nilishuka ukumbini. Watu walikuwa wamejazana mbele ya ubao, wanayaita majina ya waliopotea. Mwanamume mmoja alikuwa amekaa sakafuni, ameshika kichwa. Mama yake alikufa Mbugani mwaka juzi, akimlaani kwa kumkana. Baadaye tulihesabu waliokufa kule, thelathini na mmoja. Hao hakuna mistari ya kuwarudisha.

Bi Nyamizi alikuwa dirishani pangu, mahali pake pa siku zote, ameupa ubao mgongo. Alikuwa ameshausoma.

"Kumbe mlikuwa mnaniona," aliniambia.

"Hapana, bibi. Tulikuwa tunakuruka."

Alifikiri kidogo. "Na K. Ngassa ndiye nani?"

"Ni mimi."

Aliyanyanyua macho yake kwangu, akanitazama taratibu kuanzia viatu hadi miwani. Nilimngojea anitukane. Badala yake akafunga vizuri kanga yake kiunoni na kuniuliza kama leo anaweza kupita getini bila kukimbia. Nikamwambia anaweza. Akaondoka polepole kwa magoti yake yale, na kengele ilipolia hakugeuka.

*

Mrisho alikuja Jumapili asubuhi.

Nilikuwa nimefagia mara mbili. Nilikuwa nimepanga maneno, nimeyaandika hata kwenye karatasi, kwa sababu nilijua yatanipotea. Nilisikia hatua, kisha mlango ukasema kwa sauti yake ya uchangamfu, "Karibu nyumbani, Mrisho Kapaya," ukafunguka wenyewe.

Hakuvuka kizingiti. Alikuwa amekonda, amebeba mfuko mmoja wa nailoni. Kovu la nyuki lilikuwa pale pale.

"Samahani za kutwa nzima hazitanitosha, Mrisho," nilianza, na karatasi yote ikanitoka kichwani. "Pita ndani. Tafadhali."

"Nimesoma ubao," alisema. "Geti la pili. Ni siku ya miwani."

"Ndiyo."

"Ndiyo hiyo?"

Niligusa fremu usoni. "Ndiyo hii."

"Nieleze."

Nikamweleza. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, daftari ambalo halijafunguliwa, amri ya kuruka, keki. Nilimweleza vizuri kuliko nilivyokuja kuieleza kamati, na alinisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza warina asali, ametulia, bila kutikisa kichwa, anangoja kuonja. Nilimwambia ni kosa langu. Nilimwambia daftari lilikuwa jeupe, sikuwa na namna ya kujua.

"Nimeielewa rejista," alisema. "Ilitaka kusema, haikuwa na pa kusemea. Siwezi kuilaumu."

"Mrisho..."

"Nina swali moja tu, Kabula." Alichungulia ndani, juu ya bega langu, upande wa nyuma wa mlango. "Hilo komeo. Siku ile lilikuwa limeharibika?"

Niligeuka nikalitazama.

"Hapana," nilisema.

"Au nalo linauliza rejista?"

"Hapana. Haliulizi."

Alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeonja na kupata jibu. Akabadili mfuko mkono, akashuka ngazi. Mlango ulimngoja sekunde zake thelathini, ulivyofundishwa, kisha ukajifunga taratibu mbele ya uso wangu.

Nilibaki ndani. Nikaweka mkono kwenye komeo, nikalivuta. Mlango ulifunguka kwa kidole kimoja.